Mwenza wa Mama Simeo: Kumuaga Mzee Enock Shekiondo

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bwana Enock Shekiondo, Mshauri Mkuu wa Ndoa katika Asasi ya Nyumba Tulivu, Handeni, anastaafu rasmi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Faudhia Mbwana wa kitengo cha mafunzo, kazi ya kuandika wasifu wake, ingawa kila mtu ofisini anajua kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Hata sasa ninapoandika nina wasiwasi na mvua, nina wasiwasi na wapishi, na nina wasiwasi kwamba mkurugenzi atayasoma haya mbele ya wageni kwa haraka zake zile. Lakini wasiwasi wangu mkubwa mwaka huu ulikuwa mwingine, na ulikuwa wa Mzee Shekiondo kabla haujawa wangu. Je, ataweza kurudi nyumbani na kuishi na mke wake?

Msinione mkosefu wa adabu. Mzee mwenyewe na mama wameyasoma haya yote kabla hayajachapwa, na wamefuta sentensi moja tu, iliyohusu kukoroma.

Mzee Shekiondo ni mzaliwa wa Vugiri, wilaya ya Korogwe, huko juu milimani ambako asubuhi ya Julai ukitoka nje bila sweta unarudi ndani. Alisomea maendeleo ya jamii, akaja Handeni mwaka 1994, asasi yetu ikiwa na chumba kimoja, meza moja, na baiskeli ambayo breki yake ilikuwa viatu vya mpandaji. Kwa baiskeli hiyo alizunguka vijiji vyetu akisuluhisha ndoa za watu. Wazee wengi walimwona kijana mno kwa kazi hiyo. Wengine walimuuliza usoni kama yeye mwenyewe ana mke, naye alijibu kwamba anaye, yuko Vugiri, na kwamba ni mke mzuri.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Akifika kwenye nyumba yenye ugomvi hakuuliza ugomvi umeanzaje. Aliomba maji ya kunywa, akatulia, akaangalia nani anainuka, nani anaelekeza kikombe kilipo, na nani anaguna. Kule Sindeni, mume na mke waliokuwa hawasemeshani tangu mavuno waliinuka kwa pamoja, wakagongana mlangoni, mke akashindwa kujizuia akacheka. Mzee Shekiondo akanywa maji yake akaondoka. Kwenye taarifa ya mwezi aliandika kwamba shauri limekwisha. Mkurugenzi wa wakati ule alimrudishia taarifa akitaka maelezo zaidi, naye akamjibu kwamba maelezo zaidi hayapo.

Washauri wa vijiji karibu wote mnaowaona leo hapa ukumbini ni yeye aliyewafundisha. Akishuka Mkata hawezi kuvuka barabara bila kuitwa na mtu aliyemsuluhisha, na kila anayemwita anamlazimisha ale. Tulikuwa tukipanga ziara za Mkata tunaweka saa nzima ya ziada kwa ajili ya mihogo ya watu hao.

Ila nyumbani kwake mwenyewe alikuwa mtu wa mwisho wa mwezi. Mke wake, Bibi Janeth, tunayemwita Mama Simeo, alibaki Vugiri tangu mwanzo. Kulikuwa na mama wa Mzee wa kuuguza, kulikuwa na watoto wa kusomesha, na kulikuwa na shamba la maharage na iliki, ambalo halibebeki kwenye basi. Mzee alipanda mlima kila mwisho wa mwezi, na wakati wa masika alipanda pale barabara iliporuhusu. Halafu mama yake Mzee akafariki, watoto wakakua wakaondoka, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha utaratibu. Majirani walimwita Mgeni, kwa utani tu, naye alicheka nao.

Siku moja tukisubiri gari pale Korogwe aliniambia kwamba nyumbani kwake anaandaliwa chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye maua, na kwamba hajui vikombe vingine vinakaa wapi. Alipolisema hilo hakuwa anacheka.

Mwaka jana, wenzake wa rika lake walipoanza kuzungumzia kupumzika, yeye alikwenda kwa mkurugenzi, Bwana Sadala Mdoe, kuomba aongezewe mkataba wa miaka miwili. Tulidhani ni mapenzi ya kazi. Mimi nilimfuata nje nikamuuliza, maana jambo likinikaa moyoni siwezi kula. Akanijibu wazi. "Faudhia, mimi naogopa. Pale nyumbani najua kukaa siku mbili. Siku ya tatu nitafanya nini?"

Mtu aliyekaa barazani kwa watu wilaya nzima akiwafundisha kuishi pamoja alikuwa ananiuliza mimi. Tangu siku hiyo nami nikaanza kuogopa kila nilipomwona akipanga fulana zake za mwisho wa mwezi kwenye begi.

Hapo ndipo ulipozaliwa mchezo wetu wa simu unaoitwa Tuzoeane. Wafadhili walikuwa wanataka jambo la kidijitali, na sisi wengine tulikuwa tunafikiria tovuti yenye picha za semina. Mzee Shekiondo, ambaye mpaka wakati huo simu yake aliitumia kupiga na kumulika, alisimama kwenye kikao akasema tutengeneze mchezo wa mke na mume. Alisema watu wengi wanaoana, wanazaa, wanajenga, lakini hawajapata kuzoeana, na kwamba mtu mzima akiambiwa akae amzungumzishe mke wake anaona aibu, lakini akiambiwa acheze atacheza. Kwenye maombi ya fedha iliandikwa kwamba ni kwa ajili ya wanandoa wa Handeni na Korogwe. Sisi wa karibu tulijua ni wanandoa gani wa Korogwe aliowafikiria kwanza.

Aliyeandika programu ni Pendo, binti kutoka Kilole, fundi wa mambo hayo. Mchezo wenyewe ni mwepesi. Kila mmoja anapata swali kuhusu mwenzake kwenye simu yake. Mama anaulizwa baba anapenda ugali mgumu au laini, baba anaulizwa mama akichoka huwa anakaa wapi. Majibu yakilingana na ukweli, nyumba ndogo kwenye simu inapata ukuta, au dirisha, au bati. Yasipolingana, nyumba haibomoki. Linakuja neno moja tu: Kaulizaneni. Mwenye simu janja anaiona nyumba, na mwenye kitochi anaelezwa kwa meseji kwamba sasa ana ukuta.

Pendo na Mzee waligombana karibu mwezi mzima kuhusu mshindi. Pendo alitaka nyota, alama, na tarumbeta ya mshindi. Mzee alisema nyumba ambayo mmoja anashinda ameshaiona sana, ndiyo hiyo inayomlipa mshahara. Walinunianaje! Pendo alikuwa anakula chakula cha mchana amegeukia ukutani. Mwishowe tarumbeta ilibaki, ila inalia nyumba ikiezekwa, na inalia kwenye simu zote mbili.

Tulianza majaribio Mkata. Tulimpata Zaidi, mfanyabiashara wa mahindi, na mke wake Mwaija, pamoja na wanandoa wengine wa hapo barabarani. Zaidi hakuelewa kabisa mchezo usio na mshindi. Alichukua simu ya mkewe akaificha ndani ya gunia la mahindi ili asome majibu, kama mtahiniwa wa darasa la saba. Gunia likauzwa. Tulilifuatilia gunia hilo mpaka Segera, na simu ilipatikana kwa sababu Zaidi aliiezeka nyumba kwenye simu yake, na ile ya guniani ikalia tarumbeta.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Katika semina zetu hatusemi mume wala mke, tunasema mwenza. Linafaa kwa wote wawili na linapendeza kwenye makabrasha, na Mzee Shekiondo ndiye aliyetaka litumike hata kwenye mchezo, ili meseji moja itoshe kwa baba na kwa mama. Hakuna aliyeshtuka. Mimi ni Mzigua wa Mkata, nimekulia kwenye nyumba ya wake wawili, na neno mke mwenza nimelisikia tangu sijaota meno. Bado sikushtuka. Tulikuwa tumekaa semina miaka mingi mpaka masikio yameziba. Nje ya ukumbi, huku kwetu, mwanamke akiambiwa ana mwenza ameambiwa mume wake ameoa mke mwingine.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, majaribio yakiwa yamekwisha na watu wameandikishwa upya, Pendo alibonyeza kutuma, na wake wote ambao waume zao walikuwa wamewaandikisha wakapata meseji hii: "Habari mama. Mwenza wako amejiunga na Tuzoeane. Anasubiri umkubali. Ukimkubali jibu NDIYO, usipomkubali jibu HAPANA." Chini yake likaja jina la mume.

Simu ya ofisi ilianza kulia kabla chai haijaiva. Wa kwanza alikuwa Mwaija. "Nyumba Tulivu gani nyie? Huyo mwenza katoka wapi, na Zaidi analala hapa kila siku? Basi mwambieni akalale hukohuko!" Akafuata mwingine, akafuata mwingine. Zaidi mwenyewe alipiga akiwa katikati ya mahindi yake, akauliza kwa upole kama asasi ina chumba cha wageni.

Tulicheka mpaka machozi, na Mzee Shekiondo alicheka kuliko sote. Kisha akaacha ghafla. Alikuwa amekumbuka kwamba wiki iliyopita aliiandikisha pia namba ya Mama Simeo. Hakumwambia, alitaka iwe kitu cha kumfurahisha.

Pendo alifungua majibu kwenye kompyuta. HAPANA, HAPANA, HAPANA, na mengine matusi ambayo mashine iliyakataa kwa sababu si NDIYO wala HAPANA. Tulisogea wote kwenye kioo. NDIYO ilikuwa moja tu, na ilitoka Vugiri.

Mzee alikaa chini. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya hasira za mama, maana hasira za wanawake wa Mkata tulikuwa tumeshazisikia na tunajua pa kuanzia. Hilo la kukubali sikujua tulipokee vipi. "Amekubali," Mzee alisema. "Hata hakuniuliza." Alimpigia, simu haipatikani. Alipiga tena akiwa amesimama, akapiga akiwa mlangoni, kisha akatoka kwenda stendi bila begi. Sijawahi kumwona akitembea namna ile, na nilibaki nimeshika meza nikiomba tu gari lisichelewe.

Sasa sikieni mkosi. Mzee alipokuwa anapandisha mlima, Mama Simeo alikuwa ameshateremka. Walipishana mahali fulani, pengine pale Korogwe stendi katikati ya mabasi, kila mmoja akitafuta gari lake. Mzee alikuta nyumba imefungwa. Jirani, Mama Clinton, akamwamkia vizuri. "Shikamoo Baba Simeo. Mama Simeo kashuka Handeni, kaenda kumwona mwenziwe." Kisha akamuuliza, kwa heshima zote, huyo mama mdogo ni Mzigua au ni wa wapi.

Huku ofisini, mchana, mlangoni kwetu alisimama mwanamke mwenye kapu. Nilimjua kwa picha. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akakaa, akaweka kapu magotini. Ndani mlikuwa na maharage, fungu la iliki, na doti ya khanga mpya imekunjwa kwenye gazeti.

"Sikuja kwa ugomvi," alisema. "Nimekuja kumsalimia mwenzangu. Baba Simeo anastaafu, na mimi nataka kujua kama atakuja peke yake au atakuja naye, nijue vyumba."

Nilimweleza, Pendo akamweleza, Bwana Sadala akatoka ofisini kwake akamweleza kwa Kiswahili cha semina, akazidi kuharibu. Mama alitusikiliza wote kwa adabu na hakutuamini hata mmoja. Aliniambia nisimfiche mwenzake wa Handeni, kwamba yeye ni mtu mzima na mambo haya ameshayameza. Pendo alimwonyesha mchezo kwenye simu, nyumba, ukuta, bati, akamwambia mwenza hapo ni baba mwenyewe.

"Mume amekuwa mwenza tangu lini?" aliuliza.

Pendo alinitazama mimi, mimi nikamtazama mkurugenzi.

Basi akaomba apelekwe anakokaa Mzee. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kufika. Mzee alikuwa akimwambia kwamba chumba ni kidogo, hakifai, na yeye akaelewa alivyoelewa. Nilimpeleka kwa mguu, nikiwa na wasiwasi hata na hatua zangu, maana ninawezaje kujua mwanaume ana nini chumbani kwake? Mama mwenye nyumba akatufungulia.

Mlikuwa na kitanda, kiti kimoja, na redio. Kwenye kichanja cha vyombo palikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja, na sufuria ya kupikia mtu mmoja. Mama Simeo aliishika ile sahani, akaigeuza, akaangalia nyuma yake kama vile kuna nyingine imejificha. Akafunua pazia la nguo, mashati matatu. Kisha akakaa kitandani, sahani mkononi, akalia.

Nilitaka kutoka, akanizuia. Aliniambia kwamba aliyaamini ya mke wa Handeni siku nyingi sana, pengine tangu Simeo anaanza shule. Hakuna aliyemwambia, alipiga hesabu mwenyewe: mwanaume mwenye afya, mji wa mbali, chumba ambacho mke haruhusiwi kukiona. Hakuuliza, kwa sababu aliogopa kujibiwa. "Nilishamzoea huyo mwanamke," alisema. "Nikipika jioni nasema, na huko naye anapika. Baba Simeo akija na kikohozi namlaumu yeye, kwa nini hamfuniki. Nimegombana naye shambani peke yangu miaka yote. Kumbe mtu wa watu alikuwa anakula hapa, hivi." Halafu akafuta uso, akauliza, "Sasa nitamkasirikia nani?"

Nami nililia. Sikuona haya wakati ule na sioni haya kuliandika. Ile doti ya khanga akanipa mimi. Alisema niichukue, maana mwenyewe hayupo.

Mzee alirudi kesho yake asubuhi, macho yamemwiva, viatu vina udongo mwekundu wa kule juu. Mama alikuwa ameshafika ofisini anamsubiri kwenye benchi. Tulijifanya tuna kazi. Pendo aliwasha mashine ya fotokopi bila karatasi ili wapate faragha. Walizungumza Kishambaa, ambacho mimi nakielewa nusu, na hiyo nusu sitaiandika.

Mama alikaa Handeni wiki nzima. Mzee alichelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, akasema walikuwa wanabishana kuhusu chumvi. Alitaka kununua sahani ya pili, mama akamkatalia, akasema wanaweza kula kwenye moja kwa siku hizo chache. Siku moja Mama Simeo alipita kwenye meza ya Pendo akamwambia waandike mume pale penye mume na mke pale penye mke, watu wanajua kusoma. Mwenza aliondolewa siku hiyohiyo. Mzee naye akaongeza swali ambalo sasa kila nyumba hulipata kabla ya kupewa mlango: Kuna jambo gani hujawahi kumuuliza?

Mchezo huo leo unachezwa Handeni, unachezwa Korogwe, na tumeanza kuulizwa na watu wa mbali zaidi. Mwaija na Zaidi walipatana, wakarudi mchezoni, na nasikia siku hizi Mwaija ndiye anayeficha simu. Nina wasiwasi na mtandao, nina wasiwasi na wafadhili, lakini kazi hiyo imesimama, na aliyeisimamisha ni Mzee Shekiondo na lile kosa lake.

Mama aliporudi Vugiri kuwahi kupanda, nilidhani hofu ya Mzee imekwisha. Haikwisha. Alikuwa anakaa kwenye meza yake anatazama dirishani. Nilipomuuliza alisema mwanzoni aliogopa tu kwamba atamchosha mama wa watu. Sasa anaogopa zaidi. Mama Simeo ameishi miaka yote na mume wa siku mbili na adui wa kumlaumu kwa mengine yote. Adui hayupo tena. Kila kitakachokosewa katika nyumba ile kitakuwa kimekosewa na Enock Shekiondo, na yeye hajui kama anaweza kuubeba mzigo huo akiwa na umri huu.

Mwezi wa tano Bwana Sadala alituita wote ukumbini kwa furaha. Lile ombi limekubaliwa. Mzee atabaki miaka miwili zaidi, mshahara uleule, aendeleze mchezo. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi kuliko wote, na moyoni nilijiona mbaya, kwa sababu nilitaka abaki. Nilikuwa sijui nitamuuliza nani mambo akiondoka.

Mzee Shekiondo alisimama akashukuru, akasema anaomba kwanza azungumze na nyumbani. Bwana Sadala alibaki na karatasi mkononi. Katika miaka yote ya utumishi wake, Mzee hakuwahi kusema hivyo kuhusu jambo lolote la kazi.

Alikuja kwenye dirisha langu, maana hapo ndipo simu inaposhika, na akaweka sauti ya nje kwa sababu sikio lake la kulia limechoka. Nilinyanyuka niondoke, akanionyesha kwa mkono nikae. Mama Simeo aliitika. Mzee akamweleza kwamba amepewa miaka miwili. Mimi nilijua kabisa kwamba angeweza kuishia hapo, aseme ni amri ya ofisi, na hakuna mtu ambaye angejua.

"Mama Simeo," alisema, "sikupewa tu. Niliomba mwenyewe. Niliomba kwa sababu naogopa kurudi."

Kisha mama akasema, polepole, kwa Kiswahili, labda alijua nipo:

"Hata mimi naogopa, Baba Simeo. Njoo basi, tuogope wote."

Mzee alikata simu. Akavaa koti lake, akaenda kugonga mlango wa Bwana Sadala kumwambia kwamba ule mkataba hatautia saini.

Ndiyo maana leo tuko hapa, na ndiyo maana chakula ni kingi kuliko bajeti. Asante, Mzee Shekiondo, kwa nyumba zote ulizoziombea maji ya kunywa, kwa washauri uliowalea, kwa ubishi wako kuhusu mshindi, na kwa kutuvumilia, mimi hasa. Na wewe mama, tunakukabidhi mumeo akiwa na hofu zake zote, hatujampunguzia hata moja. Mkapandishe mlima salama, mgombane vizuri, mzoeane taratibu. Tunawatakia maisha mema, nyote wawili, katika nyumba moja.